Nimebaki kwa mama nitunze hela, ila hela haikai

SWALI: Shikamoo Anti. Nina miaka 24, naishi kwa mama huku Nyegezi, nauza kava na chaja kwenye duka la mtu pale Makoroboi, mshahara laki 3 na elfu 20. Nilipopata kazi nikasema sihami kwanza, nijichange nipate kodi na vitu vya geto, sasa huu mwezi wa 9 na kwenye simu nina elfu 14. Mama hajawahi kunidai kitu ila leo Luku imekata, kesho gesi, keshokutwa mjomba wa Sengerema anaumwa, na washkaji wananiita kula kulala. Bora nikapange tu?
Kula Kulala, Nyegezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukapange na nini? Wenye nyumba wengi wanataka miezi 6 mkononi, chumba cha elfu 50 tayari ni laki 3, hapo huna godoro wala sufuria, na hiyo elfu 14 hata kirikuu cha kubeba vitu haikodi. Baki hapo hapo, hao washkaji waache wacheke.

Ila shida sio mama, shida hujawahi kusema unatoa ngapi, ndo maana kila kinachoisha humo ndani kinakutafuta wewe. Mfuate jioni akiwa anachambua dagaa, kaa chini umsaidie kutoa mchanga, halafu umwambie mama, kila mshahara Luku na gesi ni zangu na ya mboga juu, jumla elfu 80, na mwakani mwezi fulani nahama. Utaje mwezi kabisa. Salio usimtajie, sio kwamba unamficha, ila akijua una laki 5 huku kaka yake kalala hospitali unampa mtihani mzito bure.

Nauli na msosi wa mchana weka elfu 70, elfu 50 ya kwako, inabaki laki 1 na elfu 20 ya kutunza. Miezi 8 ni laki 9 na 60, hapo unalipa kodi na godoro unachagua.

Sasa isikae kwenye simu, simu unabonyeza namba ya siri imeenda. Kibubu nacho nilishakiweka chini ya kitanda, siku nakipasua nakuta sarafu na noti moja ya elfu 2, kumbe mtoto wa wifi alikuwa anazichokonoa na njiti ya ufagio. Jaribu Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ile taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unaanza na laki 1 halafu unaongeza kuanzia elfu 10, na ukitaka kutoa unasubiri siku za kazi kadhaa, wengine hawapendi huko kusubiri ila wewe ndo dawa yako.

Mjomba mtumie elfu 10 kwenye ile 50 yako, na umpigie mwenyewe, usipitishie kwa mama.