Je, Kubadili Jinamizi kwa Taswira Ni Kujidanganya?

SWALI: Kwa muda mrefu nimekuwa nikiota ndoto ileile: nakimbizwa ndani ya jengo lisilo na mlango wa kutokea, kisha naamka nikitetemeka. Mtaalamu wa saikolojia anayenihudumia ameniagiza niiandike ndoto hiyo, niibadilishe nipendavyo, halafu niipitishe akilini kila siku nikiwa macho. Je, hii ni tiba au ni kujidanganya? Isitoshe, nikifumba macho sioni picha yoyote iliyo wazi.
Msomaji, jina limehifadhiwa

JIBU: Ndugu msomaji, uliloagizwa ni tiba inayotambulika kwa majinamizi sugu. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake 168 walionusurika ukatili wa kingono; waliofundishwa njia hii walipata nafuu ya majinamizi na ya usingizi kuliko wenzao waliokuwa bado wakisubiri zamu ya kutibiwa.

Kujidanganya ni kuamini lisilo kweli, nawe hujaombwa uamini chochote. Jinamizi lenyewe si taarifa ya jambo lililotokea, bali ni taswira ambayo akili imezoea kuirudia, na mazoea huweza kushindaniwa na mazoea mengine. Unaweza kujiambia usiku kucha kwamba ile ni ndoto tu, na moyo usitulie, kwa sababu maneno hayaigusi hofu kwa nguvu ileile. Emily Holmes na Andrew Mathews walionyesha katika majaribio yao kwamba anayelijenga tukio kwa taswira huguswa kihisia zaidi kuliko anayelitafakari tukio hilohilo kwa maneno. Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa ameshaitumia nguvu hiyo katika miaka ya 1950, akiwaelekeza wagonjwa wavute taswira ya wanachokiogopa, kuanzia kile kinachotisha kidogo, huku miili yao ikiwa imelegezwa.

Ningekuwa na wasiwasi, tena mkubwa, endapo ungeambiwa ufumbe macho ili kufukua tukio la utotoni usilolikumbuka. Elizabeth Loftus na watafiti wengine wamethibitisha kwamba mtu anaweza kuja kukumbuka, kwa uhakika kabisa, jambo ambalo halikumpata kamwe, na kulivutia taswira mara kwa mara huchangia hali hiyo. Zoezi lako halitafuti ukweli uliofichika, ndiyo maana hatari hiyo haipo.

Kuhusu kutoona picha, watu hutofautiana sana, na wapo wasioona kitu kabisa. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina la afantasia, nayo si ugonjwa. Ajabu ni kwamba wengi wa watu hao husema wanapoota huona picha. Wala taswira si ya macho pekee: sauti ya mlango ukifunguka, ubaridi wa hewa ya nje usoni, miguu inayotembea bila haraka, vyote vinafaa. Mweleze mtaalamu wako usiyoyaona, ili mlijenge zoezi juu ya unayoyasikia na kuyahisi.

Kama una majinamizi zaidi ya moja, muulize iwapo mnaweza kuanza na lililo jepesi. Dakika 10 hadi 20 kwa siku zinatosha. Zoezi likikurudisha kwenye tukio halisi lililowahi kukuumiza, lisitishe na umjulishe kabla ya kuendelea.