Uzamili kwa Mwalimu wa Msingi

SWALI: Nafundisha darasa la pili wilayani Kasulu, nami nina shahada ya kwanza ya ualimu. Je, naweza kusoma uzamili bila kuacha kazi?

JIBU: Unaweza, Mwalimu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha kwa masafa na kina kituo mkoani Kigoma, hivyo hutalazimika kuhamia Dar es Salaam. Omba kwanza ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Kuhusu tasnifu, nakushauri uchunguze jambo unaloliona kila siku, kwa mfano namna watoto waliolelewa kwa Kiha wanavyojifunza kusoma kwa Kiswahili, kwani hapo wewe (nasema bila kukupamba) unawazidi watafiti wengi wageni.