Jibu: Tumesaini taimshea Orlando, bado tunaweza kujitoa?

Dada, umesema mlisaini taimshea, yaani mkataba wa kununua haki ya kukaa wiki moja kila mwaka kwenye nyumba ya likizo, Jumamosi iliyopita, kwa hiyo muda bado upo, ila msilale. Sheria ya Florida, jimbo la Marekani ilipo Orlando, inawapa siku 10 za kalenda tangu kusaini, au tangu mpokee hati ya mwisho mnayotakiwa kupewa ikiwa ilichelewa, na haki hiyo muuzaji hawezi kuwafutia. Andikeni barua ya kuvunja mkataba, itumeni kwa anwani iliyomo kwenye mkataba wenyewe, kwa posta ya rejista, na risiti mtunze. Msiishie kupiga simu. Mimi nilipiga, nikabembelezwa mpaka nikalegea.

Hizo "dakika 90" wanazoahidi za mkutano wa mauzo nazijua. Tulikaa saa nne nzima, mtoto amelala kwenye viti viwili, bei ikikatwa na kuandikwa upya mara tatu kwenye karatasi ileile. Hakuna aliyetuambia kwamba ada ya matunzo hupanda, wala kwamba kampuni hupiga kura kwa wiki zote ambazo haijaziuza, ndiyo maana kwenye bodi ya wamiliki sisi wenye wiki moja moja hatusikiki.

Na akitokea mtu anayesema atawatafutia mnunuzi wa wiki yenu kwa malipo ya kutanguliza, kateni simu.