Lori la Mizigo Halipigi Kura

Kila Ofisi ya Sensa ya Marekani inapotoa jedwali jipya la uhamaji baina ya majimbo, vijana wapya wa dawati la takwimu hukimbilia ramani ileile: mshale mnene unatoka California, unaangukia Texas, na juu yake kichwa cha habari kwamba Texas inabadilika rangi, kutoka nyekundu ya Republican kwenda bluu ya Democrat. Tunawapenda, mnajua. Programu zenu ni safi kuliko zetu na bado mna macho ya kusoma maandishi madogo. Lakini mshale huo ulishatuaibisha sisi kabla yenu, na inachosha kuuona ukirudi kila msimu ukiwa umepakwa rangi mpya. Someni haya kabla hamjatuma rasimu.

1. Soma swali kabla ya kusoma jibu.

Jedwali la ACS, yaani utafiti wa kaya wa kila mwaka wa Ofisi ya Sensa, linatokana na swali moja: mwaka mmoja uliopita, mtu huyu alikuwa akiishi katika nyumba hii? Akijibu hapana, anaulizwa alikuwa wapi. Hakuna anayemuuliza kama amejiandikisha kupiga kura, sembuse chama chake. Ndani ya namba ile wamo watoto kuanzia umri wa mwaka mmoja, wanafunzi, wanajeshi waliopewa kambi mpya na wageni wasio raia. Hawamo waliokwenda nje ya nchi wala waliofariki. Aliyehama mara mbili ndani ya mwaka anahesabiwa mara moja, na aliyeondoka akarudi nyumba ileile haonekani kabisa.

Pia jedwali lina pande mbili. Mwaka 2022 takribani watu 102,000 walitoka California kwenda Texas. Takribani 42,000 walikwenda kinyume chake. Ukitoa unabaki na elfu sitini hivi, katika jimbo la watu milioni 30. Hao ni wawili katika kila elfu. Sasa rudini mkautazame unene wa ule mshale.

Ukingo wa makosa unaochapishwa ni wa kiwango cha uhakika cha asilimia 90. Gawa kwa 1.645 upate kosa sanifu. Ukitoa namba moja kwenye nyingine, kingo zao hazijumlishwi hivihivi: zidisha kila ukingo kwa wenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kaunti yenye watu chini ya 65,000 haina takwimu za mwaka mmoja, tumia za miaka mitano. Mwaka 2020 urukeni kwenye mfululizo wenu, kwa sababu makadirio ya kawaida ya mwaka mmoja hayakutolewa.

2. Ukitaka kaunti kwa kaunti, nenda kwa mamlaka ya kodi.

Faili la IRS hulinganisha anwani za walipa kodi mwaka hadi mwaka. Idadi ya fomu inakaribia idadi ya kaya, idadi ya misamaha binafsi na ya wategemezi inakaribia idadi ya watu, na lina mapato pia. Linawakosa wasiojaza fomu, hasa wazee wa kipato kidogo na maskini. Mikondo yenye fomu chini ya 20 inafichwa na kuunganishwa na mingine, kwa hiyo kaunti ndogo inaweza kuonekana haipokei mtu kumbe inapokea kutoka kila upande kidogo kidogo.

3. Chuja.

Chukueni mfano wa kubuni. Watu 10,000 wamehamia kaunti fulani. Ondoa watoto, baki na 7,800. Ondoa wasio raia, 6,900. Waliojiandikisha huko waliko sasa, 4,100, kwa sababu mtu aliyehama ana mambo mengi kabla ya daftari la wapiga kura: leseni, shule ya watoto, bomba linalovuja. Waliokwenda kituoni, 2,900. Wakigawanyika 55 kwa 45, chama kilichofaidika kimepata kura 290 za ziada. Na hapo hatujawatoa walioondoka kaunti hiyo mwaka uleule, ambao nao walikuwa na vyama vyao. Mkileta hadithi ya watu elfu kumi "waliogeuza" uchaguzi, tutawauliza hizo 290, na mtajibu.

4. Kosa lenyewe.

Hapa inabidi tukiri, maana sisi wa kazi hii tulilifanya kwa pamoja, kwa miaka, na tukalipwa mishahara kwa kulifanya. Tulidhani mtu anahama na wastani wa jimbo lake. California inawapa Wademokrat kura nyingi, kwa hiyo kila gari lenye namba za California lilikuwa kwetu kura ya Democrat inayovuka jangwa.

Ushahidi ulikuwapo, tena mzuri wa kutazama. Kaunti za Texas zilizokuwa zikijaa watu ndizo zilizokuwa zikisogea. Williamson, kaskazini ya Austin, ilimpa Trump ushindi wa karibu pointi kumi mwaka 2016. Mwaka 2020 Biden aliishinda kwa kama pointi moja. Hays, kusini yake, Trump aliipata kwa chupuchupu mwaka 2016, na miaka minne baadaye Biden akaichukua kwa zaidi ya pointi kumi. Ukichora ongezeko la watu kwenye mhimili mmoja na mabadiliko ya kura kwenye mwingine, vitone vinapanda kwa utaratibu kama ngazi. Tukavichora. Tukavipenda. Tukaandika kwamba wahamiaji wameleta siasa zao.

Tatizo ni kwamba kitone ni kaunti, si mtu. Kaunti inaweza kuhama upande kwa njia tano na grafu isikwambie ni ipi: waliotoka jimbo jingine; waliotoka ndani ya Texas yenyewe, kama familia iliyosukumwa na bei za nyumba za Austin kuvuka mpaka wa kaunti; vijana waliofikisha miaka 18; wakazi wa zamani waliobadili mawazo; na waliokuwapo siku zote ila hawakuwa wakipiga kura. Wamarekani wengi wanaohama hawavuki mpaka wa jimbo, wengi hata kaunti hawavuki. Sisi tulichukua njia ya kwanza tukaipa mzigo wa zote tano.

Na tulikuwa na onyo mkononi tangu 2018. Mrepublican Ted Cruz alimshinda Mdemokrat Beto O'Rourke kwa pointi 2.6 katika kinyang'anyiro cha Seneti. Katika mahojiano ya CNN na wapiga kura, waliozaliwa Texas walimpa O'Rourke 51 kwa 48. Waliohamia walimpa Cruz 57 kwa 42. Someni tena polepole. Ni wageni waliomwokoa Mrepublican, si wenyeji. Wengi wetu tuliipita namba ile kwa sababu haikufanana na ramani iliyokwisha kuchorwa. (Haisemi waliohamia walitoka jimbo gani, na mahojiano ya aina hiyo yana udhaifu wake, kwa hiyo msiifanye nayo kuwa msahafu.)

Tulichokosa kukifikiria kinaweza kusemwa kwa namba moja: mwaka 2020 Trump alipata kura zaidi ya milioni sita California, nyingi kuliko alizopata Texas, ambako alishinda. Ziwa la kuvulia Warepublican wanaotaka kuhama ni kubwa kuliko tulivyodhani, na anayefunga virago hachaguliwi kwa bahati nasibu. Anahama kwa sababu ya kodi, nyumba, kazi, kanisa, sheria za bunduki, mjukuu. Baadhi ya sababu hizo zina chama ndani yake.

Dawa yake ni daftari la mtu mmoja mmoja, si kaunti. Pata tarehe ya kujiandikisha, umri, historia ya kupiga kura, na jimbo alikotoka kama karani alilirekodi. Tenganisha wapya wa jimbo na wapya wa kaunti. Ukishindwa kuwatenganisha, andika kwamba kaunti imekua na imebadilika, uishie hapo.

5. Chama kilichoandikwa daftarini si imani.

Texas, Georgia na Virginia hazisajili chama, kwa hiyo mkiona "Wademokrat waliosajiliwa wa Texas" kwenye rasimu jueni mtu anauza chai. Kuna historia ya nani alishiriki mchujo wa chama gani, basi. Idaho inasajili, na ofisi ya katibu wa jimbo ilipochapisha takwimu za wapiga kura waliotoka majimbo mengine, takribani theluthi mbili walikuwa wamejiandikisha Republican. Namba nzuri, na inapigilia msumari hoja ya nne. Ila kumbukeni mchujo wa Republican Idaho ulifungiwa wasiojiandikisha chama hicho, kwa sheria ya 2011, na kwa kuwa nafasi nyingi huko huamuliwa kwenye mchujo, mtu wa katikati au hata wa kushoto ana sababu ya kujiandikisha humo ili kura yake iwe na maana. Florida nako, Warepublican waliosajiliwa walipita Wademokrat mwishoni mwa 2021: hapo mna wageni, waliobadili chama, na majina yaliyoondolewa daftarini, vyote kwenye sufuria moja.

6. Daftari lina mizimu.

Mtu akihama, jina lake halifi siku hiyo. Chini ya sheria ya shirikisho ya 1993, asipothibitisha mwenyewe kwamba amehama, jimbo humtumia notisi na kusubiri chaguzi kuu mbili za shirikisho kabla ya kumfuta. Ndiyo maana kaunti ya chuo kikuu inaweza kuwa na majina mengi kuliko watu wazima, bila wizi wowote. Msipige asilimia ya waliojitokeza juu ya daftari. Tumieni raia wenye umri wa kupiga kura. North Dakota haina daftari la kujiandikisha kabisa, msilitafute. Kuhusu muda wa ukaazi: mwaka 1972, katika kesi ya Dunn dhidi ya Blumstein, Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa sheria ya Tennessee iliyodai mwaka mzima, na tangu hapo siku 30 ndizo kipimo cha kawaida.

7. Viti vina hesabu yake.

Chujio la namba tatu halihusiki hapa. Viti 435 vya Baraza la Wawakilishi hugawanywa kwa watu wote waliohesabiwa, mtoto na mgeni asiye raia wakiwamo. Baada ya sensa ya 2020 Texas iliongeza viti viwili, na California ikapoteza kiti kwa mara ya kwanza katika historia yake, kutoka 53 hadi 52. New York ilipoteza kimoja kwa upungufu wa watu 89. Hao wanaenea kwenye mabasi mawili.

8. Heshimu ucheleweshaji, hasa kwa watu wetu.

Hili linatugusa wanaosoma Kiswahili, na ndilo mnaloharakisha kuliko yote. Wasomali walianza kufika Lewiston, Maine, mwaka 2001, si kutoka kambini Kenya moja kwa moja bali kutoka miji mingine ya Marekani, hasa Clarkston, pembeni ya Atlanta. Baadaye wakafuata Wasomali Wabantu, wengine wao wakizungumza Kizigua ambacho mtu wa Handeni atakitambua. Uhamaji huu wa pili, wa jimbo hadi jimbo, hauonekani kwenye orodha ya wakimbizi waliopokelewa, kwa sababu orodha inaandika jimbo la kwanza walikofikia. Ukitumia orodha hiyo utawaacha Georgia watu walioondoka zamani.

Siasa ya mji ilibadilika haraka, lakini si kwa kura zao. Oktoba 2002 meya aliandika barua ya wazi akiwaomba Wasomali wapunguze kasi ya kuja. Januari 2003 maelfu walikusanyika kuwaunga mkono. Wahamiaji walikuwa wameshakuwa mada wakati wengi wao hawana karatasi ya kura. Mkimbizi huomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja na uraia baada ya miaka mitano tangu kuingia, na mtoto aliyezaliwa Lewiston mwaka 2002 anapiga kura mara ya kwanza 2020. Safiya Khalid, Msomali, alichaguliwa diwani wa mji huo mwaka 2019, akiwa na miaka 23. Ilhan Omar, Msomali aliyepita kambi ya wakimbizi ya Utanga karibu na Mombasa, familia yake ilihama Virginia kwenda Minneapolis mwaka 1997. Aliingia bunge la Minnesota kwa uchaguzi wa 2016. Tangu kufika kwa watu hadi kuchaguliwa: miaka 18 Lewiston na miaka 19 Minneapolis. Rasimu inayotafuta matokeo ya uhamaji kwenye uchaguzi unaofuata itakuta hakuna, kisha iseme uhamaji hauna athari.

Kinyume chake pia kipo: Mmarekani mweusi aliyetoka Mississippi kwenda Chicago wakati wa Uhamaji Mkuu, wimbi la weusi kutoka Kusini kwenda miji ya Kaskazini, alizuiwa kura kule akaipata huku, na mwaka 1928 Oscar De Priest akachaguliwa Kongresi kutoka South Side. Huyo hakuhamisha kura. Aliipata kwa kuhama.

9. Mji mdogo, chumba kidogo.

Mwaka 2003 mradi wa Free State uliichagua New Hampshire iwe jimbo la kuhamia wapenda uhuru wa soko, wakilenga watu 20,000. Waliohamia kweli ni wachache kuliko waliotia saini. Kwenye kura za jimbo zima ni vigumu kuwaona. Lakini Machi 2022 katika mkutano wa mji wa Croydon, wenye watu kama 800, hoja ya watu wa mrengo huo ya kukata bajeti ya shule kutoka dola milioni 1.7 hadi 800,000 ilipita kwa kura 20 dhidi ya 14. Mei wakazi waliopinga wakaitisha mkutano maalumu, ambao haungekuwa halali bila nusu ya wapiga kura waliosajiliwa kuhudhuria. Idadi hiyo ilitimia, na bajeti ikarudishwa kwa 377 dhidi ya 2.

Hesabu za mikutano kama hiyo hazimo kwenye jedwali lolote la Sensa wala kwenye faili lolote la taifa. Ziko kwa karani wa mji, mara nyingi kwenye karatasi. Mpigie asubuhi, mtaje kwa cheo chake, omba kumbukumbu za mkutano na idadi ya waliosajiliwa siku ile, si ya leo. Na usimpigie wiki ya mkutano wa Machi, hatapokea.