Mimi ni mkunga, mbona kunyonyesha kunanishinda?

SWALI: Dada shikamoo. Mimi ni mkunga, kila siku wodini nafundisha wamama kunyonyesha, sasa nimejifungua wa kwanza, mtoto ana siku tano na chuchu zote zimechanika, akishika tu machozi yananitoka. Naona aibu kuwauliza wenzangu, watasema huyu alikuwa anawafundisha nini watu. Afu likizo ikiisha narudi zamu za usiku, maziwa si yatakauka?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera na pole sana. Mimi pia ni mkunga na nimenyonyesha, hiyo aibu naijua, ila ujuzi wako haujaenda popote. Ukimsaidia mama mwingine unakaa pembeni, unaona kidevu na mdomo wa chini wa mtoto, lakini ukinyonyesha mwenyewe unaangalia kutoka juu, unaona pua na shavu basi, kule chini ambako ndo kwenye shida huoni kabisa. Kwa mwanangu wa kwanza nilimwita mwenzangu wa zamu aangalie, akaona hapohapo mdomo wa chini umejikunja kwa ndani, tukamtoa, tukasubiri aachame vizuri ndo tukamsogeza kidevu kikitangulia, na maumivu yakapungua palepale.

Kwa hiyo mwite mmoja unayemwamini, leo hii, usisubiri. Wewe saa hizi ni mzazi, una haki ya kuhudumiwa kama mzazi mwingine yeyote. Mtoto akishika vibaya usimvute, pitisha kidole kisafi pembeni mwa mdomo aachie, uanze upya. Akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na uzito unapanda, jua maziwa anapata. Titi likiwa jekundu, gumu, na homa juu, nenda ukapimwe, usijiandikie dawa mwenyewe, na usiache kunyonyesha.

Zamu za usiku zinachosha kweli, ila maziwa hayakauki kwa sababu ya usiku, yanapungua yasipotolewa, so kamua kila baada ya masaa matatu hivi. Yakikaa nje mwisho masaa manne kama hakuna joto kali, kwenye friji siku nne. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mama anayenyonyesha apewe muda wa kunyonyesha kazini na muda huo ulipwe, kwa hiyo ongea na mkuu wa wodi kabla likizo haijaisha, mkubaliane utakamulia wapi na nani atakushikia wagonjwa.