Ule utupu ndio uliokuwa unanilinda

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, ufunguo wangu wa API nimeuweka kwenye faili la .env, sijauandika ndani ya msimbo. Niko salama?" Moyo ulinipiga paa. Hilo ndilo swali ambalo mimi sikumuuliza mtu. Ufunguo wa API ni herufi za siri zinazoitambulisha programu yako kwa huduma ya mtandaoni, na .env ni faili la mipangilio linalokaa kando ya msimbo.

Nilikuwa namtengenezea mteja programu ya wavuti kwa Vite, zana ya kujenga tovuti. Ufunguo wa huduma ya kutafsiri, inayolipiwa kwa kila herufi, ulikuwa kwenye .env, lakini kila nikiuita ukurasani unarudi mtupu. Usiku ulikuwa umekwenda. Nikasoma mahali kwamba jina likianza na VITE_ litapatikana. Nikaongeza, tafsiri ikatoka, nikalala kwa furaha. Kumbe ule utupu ndio uliokuwa unanilinda! Vite huzuia kila jina lisilo na alama hiyo lisifike kwenye kivinjari, Next.js, zana nyingine ya kujenga tovuti, nayo ina NEXT_PUBLIC_. Ukiiweka, ufunguo wenyewe hunakiliwa ndani ya faili la JavaScript, na faili hilo hupewa kila anayefungua tovuti.

Bili ya tafsiri ilipokuja imevimba, nilibonyeza F12 kufungua zana za kivinjari zinazoonyesha msimbo wa ukurasa, nikatafuta herufi za mwanzo za ufunguo. Ulikuwa pale, mzima, katikati ya mstari mmoja mrefu wa msimbo uliobanwa. Kubana huondoa nafasi na kufupisha majina, ufunguo hauguswi. Mteja aliondoka, na mpaka leo nikimkumbuka naumia.

Basi ndugu yangu, ufunguo ukae kwenye seva. Ukurasa uiombe seva yako, na seva ndiyo iite huduma, tena baada ya kuhakikisha anayeomba ni nani na ameomba mara ngapi. Bila hivyo umeficha ufunguo na kuacha mlango wazi. Ukitumia Next.js, andika import 'server-only' juu ya faili la siri: likivutwa upande wa kivinjari kwa bahati mbaya, programu inagoma kujengwa. Zipo funguo zilizokusudiwa kuonekana, kama ule wa huduma ya malipo ya Stripe unaoanza na pk_. Wa sk_ usitoke kwenye seva hata siku moja.

Na ukishavuja, kuufuta kwenye msimbo hakusaidii, Git, programu inayotunza historia ya msimbo, inakumbuka kila ulichowahi kuhifadhi humo. Ubatilishe kwa waliokupa, uchukue mpya.

Wewe uliyeniandikia, kama unatumia Vite fungua folda ya dist, inamowekwa programu iliyojengwa, sasa hivi, utafute herufi za mwanzo za ufunguo wako. Nasubiri jibu lako.