Dakika za simu zilizobaki: je, ni sadaka?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wangu. Naishi Uyole hapa Mbeya, nauza kwenye duka la pembejeo. Kila mwezi najiunga kifurushi, na siku za mwisho zinabaki dakika mia mbili na zaidi. Ninayo pia laini ya dukani ambayo tajiri, mwenye duka, ndiye anayeiwekea vocha, nayo dakika zake hubaki. Nikiwahamishia wagonjwa wa hospitalini wasio na salio, au nikiwapa simu yangu wapige, napata thawabu ya sadaka? Na naweza kuzihesabu kwenye zaka?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, dakika ulizonunua kwa pesa yako ya halali ni sadaka bila shaka. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kila jema ni sadaka. Na katika Surat Al-Maauun wamelaumiwa watu wanaowanyima wenzao hata vitu vidogo vya kusaidiana. Wafasiri wa zamani walitaja ndoo, chungu na shoka. Mimi naiona simu yenye salio imo humo humo.

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya unaijua, nilikuwa nje ya wodi nikisubiri kumuona mgonjwa. Mama mmoja aliyekuja na mgonjwa wa rufaa kutoka Sumbawanga alikuwa ameshika simu ya vitufe iliyofungwa mpira ili betri isianguke. Chaji imejaa, salio hakuna. Akanisomea namba ya mumewe tarakimu mojamoja, nikapiga, nikampa. Hakumaliza hata dakika: "Ameamka. Amekunywa uji." Akanirudishia simu kwa mikono miwili. Kwangu zile zilikuwa sekunde za kifurushi ambacho kingekufa saa sita usiku.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze vizuri. Al-Baqara aya ya 267 inatukataza kukusudia kutoa kile kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Ukimhamishia mtu dakika zilizobakiza nusu saa kuisha, usiku amelala, umempa nini? Hamisha zikiwa bado na siku mbili tatu, na muulize kwanza yuko mtandao gani, maana kwa kawaida dakika huhamishwa ndani ya mtandao mmoja. Ukipata thawabu ya mabaki, alhamdulillah, lakini siku moja moja mnunulie mtu kifurushi kizima.

Laini ya dukani ni habari nyingine kabisa. Ile ni amana. Kubaki kwa dakika hakuzifanyi kuwa zako, kama mbolea iliyobaki stoo isivyokuwa yako. Muombe tajiri ruhusa, kwa maneno yaliyo wazi. Akikubali, nyote wawili mna fungu: Mtume amesema mtunza hazina mwaminifu, anayetoa alichoamrishwa kwa moyo mkunjufu, naye ni mmoja wa watoa sadaka. Akikataa, iache.

Zaka usiichanganye na hili. Ina nisabu yake, yaani kiwango cha chini cha mali, mwaka wake na makundi yake manane ya watu yaliyotajwa katika At-Tawba aya ya 60, na wanachuoni wengi wanataka imfikie mstahiki mkononi iwe mali yake aitumie anavyohitaji. Dakika hazinunui unga wala dawa. Toa zaka yako kama inavyotolewa.

Hukuuliza, ila najua mji wetu: wengi utakaowakuta wodini si Waislamu. Wape. Asmaa binti Abubakar alimuuliza Mtume kuhusu mama yake aliyekuwa mshirikina, akaambiwa aunge naye udugu. Na Al-Mumtahina aya ya 8 haikatazi wema kwa wasiotupiga vita. Usimuulize mgonjwa dini yake. Muulize namba anayotaka kupiga.

Za laini yako anza nazo hata leo. Za dukani zisubiri mpaka uongee na tajiri.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.